Kabla ya kununua waifai ya shule, uliza ubongo wake unakaa wapi

Majuzi mwalimu mmoja mstaafu aliniita kwake, hapa Lurambi. Yuko kwa bodi ya shule moja ya bweni, na shule imepata pesa ya kuweka waifai kila mahali: madarasa, maabara, bweni, hadi jikoni. Akaniwekea chai, halafu akaweka kotesheni tatu mezani. "Mwanangu, wewe si ni mtu wa mitandao? Niambie tunachukua gani."

Mimi ni mtu wa mitandao kwa maana ya kupost video. Chuo niliacha mwaka wa pili (si hiki cha hapa Lurambi, ni kingine mbali, na sitakitaja). Lakini hizo karatasi tatu nilizielewa haraka, kwa sababu kila moja ni kipande cha historia. Na hii historia ilishanichoma.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Kile kisahani cheupe kinachobandikwa darini, chenye kataa kadogo ka buluu au kijani, mafundi hukiita AP. Najua hapa kwetu ukisema AP watu wanafikiria askari wa kambi ya chifu. Basi mimi nitasema kisanduku.

Kotesheni ya kwanza ilikuwa na visanduku pamoja na leseni ya miaka 3. Ya pili ilikuwa na visanduku na mashine nyingine ya kuviongoza, inaitwa kontrola. Ya tatu ilikuwa karibu nusu ya bei, bila leseni yoyote. Na wauzaji wote watatu wameandika kwamba chao ndicho chenye kasi zaidi. Nikamwambia mwalimu, mstari wa kasi tuuache kwanza. Turudi nyuma kidogo.

Mwaka wa 1971, Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na shida ambayo mtu wa kaunti yoyote hapa anaielewa. Kompyuta kubwa iko kisiwa kimoja, watumiaji wametawanyika visiwa vingine. Norman Abramson na wenzake wakaunda ALOHAnet: kila kituo kinatuma ujumbe hewani kinapotaka, na ukigongana na wa mwingine, kinangoja kidogo kinatuma tena. Iliwezekana, lakini hesabu ikaonyesha kwamba kwa mtindo huo hewa inabeba kitu cha maana asilimia 18 tu ya uwezo wake. Iliyobaki inapotea kwa kugongana na kungojana.

Waifai ya leo ni mjukuu wa hiyo kitu. Imejifunza adabu, inasikiliza kwanza kabla ya kuongea, lakini sheria ya msingi haijabadilika: hewa ni moja, na katika chaneli moja anaongea mmoja kwa wakati. Ni kama baraza. Watu 10 mtaelewana vizuri. Leta watu 300, na wote wana haraka.

Mwaka wa 1985 Marekani ilifungua baadhi ya masafa ya redio yatumike bila kibali. Kampuni ya NCR, watengenezaji wa mashine za keshia, ikaona nafasi ya kuunganisha keshia za duka bila kupasua sakafu kupitisha waya. Wahandisi wake kule Uholanzi wakatengeneza WaveLAN, na kutoka kwa kazi kama hiyo ndipo kiwango cha 802.11 kilipozaliwa mwaka wa 1997, kikiwa na kasi ya megabiti 2. Mwaka wa 1999 ikafika megabiti 11, na jina Wi-Fi likaanza kusikika. Kabla ya hapo, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilikuwa kimeanza mradi wa Wireless Andrew mwaka wa 1993, chini ya Alex Hills, wa kufunika kampasi kwa mtandao usio na waya.

Kampasi ndiyo iliyofichua tatizo. Nyumbani una kisanduku kimoja, kina akili zake zote ndani, unakiwasha unasahau. Kampasi ina mamia. Ukitaka kubadilisha nywila, fundi anatembea na laptopu kutoka kisanduku hadi kisanduku. Visanduku viwili jirani vikichagua chaneli moja, vinapigana kelele, na katika masafa ya gigahezi 2.4 chaneli zisizogongana ni 3 tu: 1, 6 na 11. Halafu mwaka wa 2001 watafiti wakaonyesha kwamba WEP, ile kufuli ya kwanza ya waifai, inavunjika. Hapo taasisi kubwa zikashtuka.

Jibu likawa kuhamisha ubongo. Kampuni changa kama Airespace na Aruba, zilizoanza 2001 na 2002, zikasema: fanya visanduku viwe vijinga, weka akili yote kwa mashine moja kwenye chumba cha seva, hiyo ndiyo ipange chaneli, nguvu na ulinzi. Cisco, ambayo ilikuwa imeshanunua Aironet kwa ajili ya visanduku vyenye akili, ikanunua Airespace mwaka wa 2005. Hiyo ndiyo kotesheni ya pili ya mwalimu. Ubongo unakaa shuleni kwako, lakini kontrola ikiungua na huna ya akiba, visanduku vingi vinaweza kubaki mapambo ya dari. Na hapa Kakamega, penye radi karibu kila alasiri ya mvua, kuungua si hadithi.

Sasa turudi nyumbani. KENET, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti Kenya, ulianzishwa mwaka wa 1999. Miaka hiyo yote ya kontrola na visanduku, sisi tulikuwa tunavuta intaneti kupitia setilaiti, bei juu, bomba jembamba. Hata ungebandika kisanduku bora zaidi duniani, foleni ilikuwa angani. Halafu mwaka wa 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa kupitia baharini. Mwaka huohuo kiwango cha 802.11n kikaidhinishwa, kile kilicholeta antena nyingi zinazofanya kazi pamoja. Mambo mawili, mwaka mmoja. Fiba ikapanda bara, na foleni ikahama kutoka baharini ikaja kukaa darini, juu ya kichwa cha mwanafunzi.

Hapo ndipo mimi nilichomeka. Kati, yaani mtihani wa katikati ya muhula, ilikuwa mtandaoni, ukumbi mmoja, watu zaidi ya 200, kila mmoja na simu na wengine na laptopu juu. Alama za waifai zimejaa zote. Hakuna kinachofunguka. Aliyekuwa na bando la kununua alinunua akamaliza. Mimi sikuwa nalo siku hiyo. Sisemi niliacha chuo kwa sababu ya kisanduku, sababu zilikuwa nyingi na kubwa zaidi, ada ikiwemo. Lakini nilichukua muda kuelewa kwamba fiba ya chuo ilikuwa sawa. Mtu fulani alikuwa amenunua visanduku kwa kuhesabu kuta badala ya kuhesabu watu. Akaongeza nguvu ya mawimbi ili yafike mbali, akasahau kwamba simu yangu haina nguvu ya kujibu kutoka mbali hivyo, na kwamba kufika mbali zaidi ni kuita watu wengi zaidi kwenye baraza moja.

Kotesheni ya kwanza ndiyo ya kisasa, na hadithi yake inaanzia Chuo Kikuu cha MIT, kwenye mradi wa Roofnet wa kuunganisha nyumba kwa antena za juu ya paa. Waliotoka huko wakaanzisha Meraki mwaka wa 2006, na Cisco ikainunua mwaka wa 2012 kwa dola bilioni 1.2. Wazo lao: ubongo usikae kwa kisanduku wala kwa chumba chako cha seva, ukae kwa seva za kampuni, na wewe uuone kwa brauza popote ulipo. Ni kitu kizuri kweli. Shule isiyo na fundi wa kudumu inaweza kusaidiwa na mtu aliye Nairobi.

Lakini ubongo wa kukodi una kodi. Kwa utaratibu wa leseni ambao Meraki ilijulikana nao kwa miaka mingi, leseni ikiisha unapewa siku 30 za neema, halafu visanduku vyako, ulivyonunua kwa pesa yako, vinaacha kupitisha data. Na kodi hiyo ni ya dola. Tuseme leseni ni dola 100 kwa kisanduku na una visanduku 40. Mwanzoni mwa 2021 dola ilikuwa karibu shilingi 110, hiyo ni 440,000. Januari 2024 dola ilifika karibu 160, na bili ileile ikawa 640,000. Hakuna mtoto aliyeongezeka darasani, hakuna kasi iliyoongezeka.

Mwalimu hapo akatikisa kichwa, kwa sababu anajua pesa ya huku inavyokuja. Masinde Muliro, chuo kikuu chetu hapa, kilianza mwaka wa 1972 kama chuo cha WECO, mtoto wa harambee. Shule nyingi za huku zilianza hivyohivyo. Harambee inajua kujenga: watu wanakuja, wanatoa, ukuta unasimama, mheshimiwa anapigwa picha. Sijawahi kuona harambee ya kulipa leseni mwaka wa nne.

Basi tuchukue ya tatu, ya bei nafuu? Hiyo ni njia iliyovumishwa na Ubiquiti ya Robert Pera, aliyewahi kuwa mhandisi Apple. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wakaleta UniFi: programu ya kuviongoza visanduku unaipakua bure, unaiweka kwenye kompyuta yako, leseni hakuna. Kwa shule nyingi na hoteli ndogo hiyo ilikuwa ukombozi. Lakini hapo ubongo unakaa kwa yule kijana aliyeiweka. Akipata kazi Eldoret na akaenda na nywila, mmebaki na vifaa vizima msivyoweza kuvifungua.

Na usidhani jina kubwa litakulinda milele. Ruckus, visanduku vinavyosifiwa kwa antena zake, ilinunuliwa na Brocade mwaka wa 2016, ikaenda kwa Arris 2017, ikaenda kwa CommScope 2019. Aruba ilinunuliwa na HP mwaka wa 2015. Juniper ikanunua Mist mwaka wa 2019, halafu mwaka wa 2025 HPE ikamaliza kuinunua Juniper yenyewe. Kwa hivyo majina mawili yaliyokuwa yanashindana kwenye tenda yako sasa ni ya nyumba moja.

Ndiyo maana nasema swali la "gani ndiyo bora" limechelewa. Hata sheria yetu ya ununuzi wa umma ya 2015, kifungu cha 60, inakataza taasisi ya umma kuandika jina la kampuni kwenye vipimo vya tenda, isipokuwa kama hakuna njia nyingine ya kueleza, na hapo lazima iongeze maneno "au kinacholingana nacho". Watu huiona kama usumbufu. Mimi naiona kama msaada. Inakulazimisha uandike unachohitaji: watu wangapi kwa wakati mmoja katika chumba kilichojaa zaidi, nini kinatokea leseni ikiisha, nani anabaki na funguo, kinga ya radi iko wapi, kisanduku kikiharibika cha badala kinatoka Kisumu au kinatoka ng'ambo. Anayekuandikia vipimo ndiye anayekuchagulia kisanduku, hata kabla bahasha hazijafunguliwa.

Nikamwambia mwalimu maoni yangu wazi. Kama shule haina fundi na ina uhakika wa bajeti ya leseni kila mwaka, achukue ya kwanza. Kama haina uhakika huo, achukue ya tatu, lakini nywila ziandikwe, zifungiwe kwa sefu ya mwalimu mkuu, na watu wawili wafunzwe, si mmoja. Na kwa vyovyote, jaribio lifanywe ukumbini, wanafunzi wote wakiwa wameketi, kabla cheki haijasainiwa.

Akauliza, "Na hii ya kasi zaidi?" Nikamwambia zote zina kasi zaidi ukumbi ukiwa mtupu.

Amewarudishia wauzaji wote watatu karatasi zao, na maswali yetu matano nyuma kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa mwalimu kabisa. Hadi leo amejibu mmoja.