Nakshi za Gitaa: Pikseli Zilizotangulia Tarakilishi

Leo naomba tuweke kando misimbo na seva kidogo, nizungumzie mbao. Usiondoke, kwani mwisho wa yote tutarudi kulekule kwetu.

Babu yangu aliacha gitaa moja. Nilipolitoa kwenye kabati nilikuta kifuniko chake cha mbele kimepata ufa, ulioanzia ukingoni ukaenda hadi karibu na tundu la sauti. Nilimpelekea fundi mmoja hapa Nairobi anayeunda magitaa kwa mkono. Alilitazama, akapitisha kidole ukingoni, akasema, "Kijana, hili halikuwekewa utepe. Unyevu umeingilia hapa." Hapo ndipo nilipoamua aniundie jipya la kumkumbuka babu, na nakshi zake nizibuni mwenyewe. Nami nikaanza kusoma historia.

Wengi wetu tukiona ile mistari myembamba inayozunguka ukingo wa gitaa au fidla tunadhani ni urembo mtupu. Sivyo. Mbao zilizokatwa huonyesha ncha za nyuzi zake, na ncha hizo hunywa unyevu upesi kuliko sehemu nyingine. Utepe wa ukingoni huziba ncha hizo. Katika fidla, mistari ile huchimbiwa mfereji ndani ya ubao, ili ufa ukianzia ukingoni ukutane na kizuizi kabla haujafika mbali. Mafundi wa Cremona, Italia, akiwemo Antonio Stradivari aliyefariki 1737, walitumia vipande vitatu: mweusi, mweupe, mweusi. Kabla yake, Maggini wa mji wa Brescia alijulikana kwa kuweka mistari hiyo mara mbili.

Sasa njoo kwenye nakshi zenyewe, maana hapa ndipo mtu wa tarakilishi anapokaa vizuri kitini.

Angalia kwa makini duara linalozunguka tundu la gitaa la Kihispania, kama yale ya Antonio de Torres (1817-1892). Utaona maua na vidani vilivyoundwa kwa vijiraba vidogo vya rangi. Hakuna aliyevipanga kimoja kimoja kuzunguka tundu. Fundi huchora mchoro kwenye karatasi ya miraba. Kila safu wima ya mchoro huwa rundo la vinia za rangi, zilizobandikwa kwa gundi kwa mpangilio ule ule wa safu. Kila rundo hupasuliwa kuwa ufito mwembamba, kisha fito za safu zote huunganishwa kuwa gogo moja dogo. Gogo hilo ukilikata kama mkate, kila kipande kina mchoro mzima usoni mwake. Unafanya kazi ngumu mara moja, kisha unatoa nakala kadiri gogo linavyoruhusu. Sisi tungesema programu imeshakusanywa, kilichobaki ni kuiendesha.

Waingereza wa Tunbridge Wells, huko Kent, walitumia mbinu ya namna hii kwenye masanduku na meza ndogo kuanzia takriban 1830. Tena michoro yao mingine waliitoa kwenye karatasi za miraba za kudarizia kwa sufu, zilizotoka Berlin. Picha iliyogawanywa miraba, kila mraba na rangi yake: hiyo ni pikseli, zaidi ya miaka 100 kabla ya skrini ya tarakilishi.

Nakshi iliyonifunza zaidi ni ile ambayo Wazungu huiita mfupa wa samaki. Kwa macho yetu ya Pwani inafanana zaidi na ukili wa mkeka. Vinia nyeusi na nyeupe hubandikwa kwa zamu, rundo likakatwa mshazari, kisha vipande viwili vikageuziwa nyuso vitazamane kama kwenye kioo.

Kampuni ya Martin ya Marekani ilijulikana sana kwa nakshi hii. Mwanzilishi wake, Christian Frederick Martin, alizaliwa 1796 Markneukirchen, Ujerumani, mji ambao chama cha mafundi wa fidla kilikuwa kikiwapinga mafundi wa samani waliounda magitaa. Alihamia New York 1833, na baadaye Nazareth, Pennsylvania. Lakini utepe wenyewe kampuni yake iliendelea kuuagiza Ujerumani. Vita vya Pili vya Dunia vikaja, akiba ikaisha, na kufikia 1947 gitaa lao la D-28 likaanza kutoka na mistari ya kawaida tu. Nakshi ilirudi rasmi 1976 kwa jina la HD-28. Katikati ya hapo ni takriban miaka 30!

Umewahi kuona mradi ukisimama kwa sababu ya maktaba moja ya msimbo ambayo mwenyewe ameacha kuitunza? Basi unajua kilichowapata. Kitu chembamba kuliko njiti ya kiberiti kilibadilisha sura ya gitaa maarufu kwa sababu kilitoka upande mmoja tu.

Kwa hiyo nami nikaapa kwamba vyote tutaviunda hapa hapa. Nikaandika programu fupi: unaipa mchoro wa safu 7 kwa mistari 9, inakuambia urefu wa gogo. Kila kijiraba milimita 0.6, hivyo kila kipande kina upana wa milimita 4.2. Duara la kipenyo cha milimita 110 linahitaji vipande 82. Kila kimoja kina unene wa milimita 1.5, basi gogo la sentimita 15 litatoa 100. Nilijiona stadi.

Fundi akakata. Tukapata 60.

"Mashine yako haijui kwamba msumeno nao unakula," akasema, akionyesha unga wa mbao mezani. Kila mkato ulikuwa umemeza milimita nzima. Nilikuwa nimekosea jambo ambalo mwanagenzi wake analijua siku ya kwanza. Nikauliza, sasa tutafanyaje? Akacheka, akaniwekea ubao wa vidole juu ya duara. Ubao huo hufunika vipande 14 hivi. Tukawa tumepungukiwa na 8 tu.

Vinane hivyo vilitugharimu gogo jipya na wiki mbili. Vinia nyeusi ya mara ya pili ilikuwa na weusi uliofifia kidogo, na ukitazama karibu utaona pale vipande vipya vinapoanzia. Fundi aliuliza kama nataka avipake rangi vilingane. Nikamwambia aache.

Programu nimeirekebisha, sasa inauliza upana wa msumeno kabla ya kitu kingine chochote. Na gitaa limekamilika, ukingo wake wote una ukili. La babu nalo fundi ameliziba ufa na kulivisha utepe. Yote mawili yanalia.

Tukutane makala ijayo, turudi kwenye seva.