Kivuko kimoja, na meli iliyozama pasipotakiwa

Najua nimepotea, test zilitubana wiki nzima, lakini nimerudi. Leo ni historia, ila naanzia kwenye karata.

Jumamosi usiku tulikuwa wanne chumbani hosteli tunacheza bridge. Kwa asiyeijua: mnacheza wawili wawili, kila mtu karata 13. Mnafanya mnada kwanza, na aliyeushinda anacheza mikono miwili, wa kwake na wa mwenzake, ambao unalazwa wazi mezani. Mkono uliokula raundi ndio unaoanza inayofuata. Sasa kama mali yako iko mezani, lazima uvuke kwenda huko kwa kula raundi na karata ya upande ule. Hiyo karata mimi naiita kivuko.

Mnada ulikuwa wangu, bila turufu. Mezani nilikuwa na kopa 6: mfalme, malkia, jeki, 10, 9 na 8. Ree ya kopa ilikuwa kwa wapinzani. Mkononi kwangu kopa 2 tu, tena ndogo. Kivuko cha mezani kilikuwa kimoja, ree ya uru. Raundi ya kwanza tu wapinzani wakaanza na uru. Nilikuwa na mfalme wa uru mkononi, angekula bila shida. Mimi kwa haraka nikala na ree ya mezani! Nikatupa mfalme wa kopa, mwenye ree akatulia tu. Nikatupa malkia, akamla. Kopa zangu za mkononi zikawa zimeisha, na mezani zimebaki 4, zote za kula, zinanitazama. Hakuna njia ya kuzifikia. Mwenzangu alininunia mpaka Jumatatu asubuhi.

Basi nikaanza kusoma, si mnajua tena ugonjwa wangu. Babu wa bridge ni whist, mchezo ambao Edmond Hoyle aliuandikia kitabu London mwaka 1742. Kwenye whist mikono yote minne imefichwa. Kulaza mkono mmoja mezani kulishika London miaka ya 1890, bridge ilipoingia kwenye klabu zao. Kuanzia hapo hesabu ya vivuko ikawa kazi ya mtu mmoja anayeona pande zake zote mbili. Hana wa kumlaumu.

Na wapinzani nao wanaona. Kama wewe huna mfalme wa uru, mpinzani mwenye naye anaweza kumtupa makusudi, mapema, kabla kopa hazijafunguka. Anakulazimisha utumie ree. Amepoteza mfalme, lakini amezamisha kivuko chako. Mbinu hiyo inaitwa Merrimac, na wengi hudhani jina limetoka kwenye meli ya chuma ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Hapana. Hii ilikuwa meli ya kubeba makaa.

Mwaka 1898 Marekani na Hispania walikuwa vitani. Manowari za Admirali Cervera wa Hispania zilikuwa ndani ya bandari ya Santiago, Cuba, na mlango wa bandari ile ni mwembamba sana. Wamarekani walikuwa nje wanasubiri. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Juni, Luteni Hobson na wenzake 7 waliingiza Merrimac mlangoni ili waizamishe pale, izibe njia. Mizinga ya Wahispania ikaharibu usukani, meli ikasukumwa na maji na kuzama pasipotakiwa. Njia ikabaki wazi. Wote 8 wakatekwa wakiwa hai, na baadaye Hobson akarudi kwao shujaa.

Yaani jina la mpango ulioshindwa limepewa mbinu inayofanya kazi! Nilicheka, halafu nikasoma kilichofuata. Mlango ulikuwa wazi, na Cervera alikuwa na uhuru wa kuutumia. Tarehe 3 Julai aliamriwa kutoka, akatoka mchana kweupe, meli moja moja, mbele ya mizinga iliyokuwa imemsubiri mwezi mzima. Meli zake 6 ziliangamia zote siku ile ile.

Hapo ndipo niliponyamaza. Nilikuwa nimejiambia kwamba nilishindwa kwa sababu kivuko kilikuwa kimoja. Si kweli. Cervera alikuwa nacho kimoja, mimi nilikuwa nacho kimoja. Yeye alilazimishwa kukitumia wakati mbaya. Mimi hakuna aliyenilazimisha, nilikichoma mwenyewe raundi ya kwanza, na mfalme nimemshika mkononi.

Jumatatu nilimwambia mwenzangu hivyo hivyo, bila kumsingizia mtu wala karata. Akaniangalia, akacheka, akasema, "Haya bwana Cervera, changa karata."

Kwa leo ni hayo tu. Mkicheza, kabla hamjagusa karata ya kwanza, hesabuni vivuko.