Waya wa Kengele

Mwisho wa Januari 2027 ndio muda uliowekwa nchini Uingereza wa kuuzima mtandao wa zamani wa simu, ule uliobeba sauti za watu katika nyaya za shaba tangu enzi za Malkia Victoria. Na kwa kuwa chombo kikishatoka katika matumizi aghalabu huondoka na habari zake, nimeona inafaa kukieleza mapema kisanduku kimoja cha plastiki nyeupe kilichomo katika nyumba nyingi za nchi hiyo, chini ya ukuta karibu na mlango wa mbele, chenye tundu dogo la kuchomekea simu. Wenyeji hawakitazami, kama isivyotazamwa bawaba madhali mlango unafunguka na kufungika. Walakini, intaneti ilipoanza kupitishwa katika nyaya zile zile za simu, kisanduku hiki na nyaya zitokazo humo kwenda vyumbani vilikuwa chanzo cha adha kubwa, na wengi waliolalamika kwamba intaneti yao inakwenda mwendo wa kobe, wakailaumu kampuni na wakaulaumu umbali wa kituo cha simu, hawakujua kwamba sehemu ya lawama imo ndani ya kuta zao wenyewe, na kwamba asili ya yote hayo ni kengele.

Simu ambayo Alexander Graham Bell alipewa hataza yake mwaka 1876 haikuwa na kengele. Aliyetaka kumwita mwenziwe wa upande wa pili hakuwa na njia ila kupaza sauti ndani ya chombo au kukigonga, huku akitumai kwamba yuko mtu karibu wa kusikia. Ndipo Thomas Watson, aliyekuwa msaidizi wa Bell, alipobuni mwaka 1878 kengele ya sumaku yenye kinyundo kinachochezeshwa baina ya vikombe viwili na umeme unaogeuka mbele na nyuma. Bell naye, mwaka 1881, akapata hataza ya jambo ambalo kwa maoni yangu halina sifa inayolistahiki mpaka leo, nalo ni kuzisokota pamoja nyaya mbili za simu, kama zisokotwavyo nyuzi za makumbi katika kamba. Waya ukienda peke yake hunasa kila tetemeko la umeme lipitalo jirani. Lakini mbili zikisokotwa, kelele inayouingia mmoja huuingia na wa pili kwa kadiri ile ile, na chombo kilichoko mwishoni, kwa kuwa husikiliza tofauti tu iliyopo baina ya nyaya hizo, hakiisikii kelele ile, maana kilicho sawasawa pande zote mbili hakina tofauti. Ni mizani yenye vitanga viwili: ukiongeza uzito sawa huku na huku, ulimi hausogei. Msomaji na aishike picha hii ya mizani, kwa sababu habari yote inayofuata ni habari ya mizani iliyoharibiwa bila ya mtu kukusudia.

Tangu tarehe 1 Januari 1912, Posta ya Uingereza ilipoitwaa Kampuni ya Taifa ya Simu, huduma ya simu karibu nchi nzima ilikuwa milki ya serikali, isipokuwa katika miji michache, na mwishowe katika mji mmoja tu wa Hull. Mteja hakununua simu. Aliikodi, nayo ikabaki mali ya Posta, imefungwa kwa skrubu katika kisanduku ambacho yeye hana idhini ya kukifungua. Akitaka simu ya pili chumbani, alipeleka maombi, akangoja zamu yake, kisha akaja fundi wa Posta na kuzipanga nyaya kwa namna iliyofaa nyumba ile. Utaratibu huo ulikuwa na uzito wake kwa mteja, lakini ulikuwa na faida moja iliyokuja kutambulikana baadaye, kwamba kila waya uliokuwamo ukutani ulikuwa umetiwa na mtu aijuaye kazi yake.

Mwaka 1981 mambo yaligeuka. Sheria iliitenga kazi ya simu na Posta, ikazaliwa British Telecom, na katika mwaka huo huo zikaletwa plagi na soketi za namna mpya, ili mtu anunue simu aitakayo dukani, aje nayo nyumbani na aichomeke kwa mkono wake. Soketi ya kwanza, ile ipokeayo waya utokao nje, ndiyo iliyoitwa soketi kuu, na ndani yake wahandisi walitia vitu vitatu vidogo: kinga ya kuipokea dhoruba ya umeme wa radi, kizuizi cha kiloohmu 470 cha kumwezesha fundi aliyeko kituoni kuupima waya hata kama hakuna simu iliyochomekwa, na kapasita ya mikrofaradi 1.8. Hicho cha tatu ndicho kiini cha habari yetu. Waya wa simu ukiwa umetulia huwa na umeme mnyoofu wa volti 50 hivi. Simu inapopigwa, kituo huupandishia juu yake umeme geu unaogeuka mara 25 hivi kwa sekunde, nao ndio uilizao kengele. Na kapasita ni bawabu anayeuzuia umeme mnyoofu akaupisha ule geu. Badala ya kuweka bawabu huyo ndani ya kila simu, wahandisi walimweka mmoja katika soketi kuu, kisha wakautoa umeme wa kengele kwa waya wa tatu uliokwenda soketi zote za nyumba. Nyaya mbili za maongezi, wa bluu wenye pete nyeupe na mweupe wenye pete za bluu, zilifungwa katika vituo nambari 2 na 5. Wa kengele, wenye rangi ya chungwa na pete nyeupe, ukafungwa katika nambari 3.

Lazima niwatetee wahandisi wale, kwani nimewasikia wakishutumiwa na watu wasiojua sababu. Simu za zama zile zilipigwa kwa kuzungusha kibao chenye matundu, na kibao kikirudi kilikata na kuunga umeme mara kumi kwa sekunde. Na nyumba ikiwa na simu tatu, kila mkato ule uliweza kuzifanya kengele za simu nyingine zilie kwa sauti nyembamba, tiki tiki tiki, hata mgonjwa aliyelala ghorofani akaamka kila mara mtu alipopiga simu sebuleni. Waya wa tatu uliondoa adha hiyo, kwa kuwa simu inayozungushwa iliweza kuzinyamazisha kengele zote kwa pamoja kupitia waya huo. Ilikuwa ni kazi ya watu waliofikiri sana juu ya starehe ya wenye nyumba. Kasoro yake ni moja, nayo kwa wakati ule haikumdhuru yeyote: waya wa kengele umetundikwa katika kitanga kimoja tu cha mizani. Mwenzake hana kitu kama hicho, na ile kapasita, ambayo huupisha umeme wa kengele, huyapisha kwa wepesi zaidi masafa yaliyo juu sana ya kengele.

Na watu, walipokwisha kupewa ruhusa, waliitumia. Maduka ya vifaa vya nyumba yakauza nyaya bapa zisizosokotwa hata kidogo, na wenye nyumba wakazipitisha chini ya mazulia, wakazipigilia misumari juu ya milango, wakazitoa sebuleni kwenda jikoni, na jikoni kwenda chumba cha watoto, na watoto walipokua wakahama, waya ukabaki pale pale umefunikwa na rangi. Sauti ya binadamu haikulalamika. Simu huichukua kuanzia hezi 300 hadi 3,400 tu, na katika masafa ya chini kiasi hicho hata uunganishaji mbaya husameheka.

Huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980, Joseph Lechleider wa maabara ya Bellcore alionyesha kwamba waya wa kawaida wa simu waweza kubeba habari nyingi mno iwapo njia ya kuja nyumbani itapewa nafasi kubwa kuliko ya kutoka. Na John Cioffi wa Chuo Kikuu cha Stanford akaiendeleza namna ya kuyagawa masafa ya waya kuwa vijia 256, kila kimoja na upana wa kilohezi 4.3125, hadi kufikia kilohezi 1,104. Modemu inapoamka hukipima kila kijia kimoja kimoja, ikakipa mzigo kwa kadiri ya utulivu wake: palipo kimya hubebeshwa mabiti mengi, palipo na kelele machache, na palipochafuka kabisa hapabebeshwi kitu. Uingereza iliipokea huduma hii kibiashara mwaka 2000, kwa kilobiti 512 kwa sekunde, na kwa kuwa kasi ilikuwa imewekwa kituoni na haipandi, ubovu wa ndani ya nyumba ulijificha, maana waya wenye nguvu za ziada uliweza kuzipoteza bila ya mtu kuhisi. Mwaka 2006 ndipo sitara ilipoondoka. Kasi ikaachiwa ipande yenyewe hadi megabiti 8, kila waya kwa uwezo wake, na hapo nyumba mbili zilizopakana, zenye umbali mmoja na kituo, zikawa moja inapata sita na ya pili mbili.

Niliona jambo hili kwa macho yangu katika nyumba ya mzee mmoja mwenye asili ya Unguja, katika mji wa katikati ya Uingereza, aliyeniambia, "Mwanangu, intaneti hii mchana ni hai, ikiingia Magharibi inakufa." Nilidhani ni msongamano wa watu warudio kazini, kwani hilo nalo huwapo, lakini nilipoufungua ukurasa wa ruta niliona kwamba si habari tu zilizokuwa zikichelewa, bali modemu yenyewe ilikuwa ikikatika na kuungana upya kwa kasi ndogo, kila siku, mara jua lilipokuchwa. Nikamwuliza kama alipokuwa kijana kwao alikuwa akisikiliza redio usiku. Akacheka, akasema nani asiyesikiliza, na kwamba stesheni za mbali, ambazo mchana hazipatikani hata ukiupandisha uzi juu ya mnazi, usiku huja zenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu. Redio za masafa ya kati hutangaza kuanzia kilohezi 526 hivi hadi 1,606, na zaidi ya nusu ya njia ile ya intaneti ya kilohezi 1,104 imo humo humo. Nayo mawimbi hayo, usiku ukiingia, hurudishwa ardhini na tabaka za juu za anga na kufika mbali sana. Waya wa kengele, ulionyooshwa kutoka ukumbini kupita ngazi hadi chumba cha nyuma, umefungwa upande mmoja tu wa mizani, ulikuwa uzi wa redio uliotandikwa nyumba nzima, na kila usiku ulikuwa ukizikusanya stesheni za Ulaya na kuzimimina ndani ya modemu ya mzee. Fauka ya hayo, mitambo ya kituoni, ikiona waya unakatika mara nyingi, huutaka uwe na akiba kubwa zaidi ya kujikinga na kelele, kutoka desibeli 6 hadi 9, kisha 12, hata 15, ikaupunguzia kasi kwa siku kadhaa; kwa hiyo dhambi ya usiku mmoja ililipwa wiki nzima, mchana kwa usiku.

Na zile nyaya za vyumba zisizo na kitu mwishoni zina dhara lake la namna nyingine. Mawimbi yakiingia katika uchochoro usio na njia hugonga mwisho na kurudi, yakakutana na wenzao wajao na kuwafuta, kama wimbi lirudilo ukutani mwa gati linavyolivunja lile lijalo. Uchochoro wa mita 10 hufuta masafa yaliyo karibu na megahezi 5. Kwa intaneti ya kwanza hiyo haikuwa hasara, lakini ile iliyoanza kuenezwa mwaka 2010, itumiayo masafa ya juu zaidi, iliionja.

Dawa ya waya wa kengele ilijulikana kwa mafundi kabla ya kutengenezewa kifaa. Baadaye kilitolewa kibao cha kupachikwa katika soketi kuu, chenye koili ya kuyazuia masafa ya juu yasiingie katika waya wa kengele. Lakini nyumbani kwa mzee sikuwa na kibao, nilikuwa na bisibisi. Nilizitoa skrubu mbili za nusu ya chini ya soketi, sehemu ambayo mwenyeji huruhusiwa kuigusa, nikauona waya wa rangi ya chungwa katika nambari 3, umeshika vumbi. Nikauvuta kwa koleo, nikaukunja nyuma, nikarudisha kifuniko. Ruta ilipoungana tena ilionyesha karibu megabiti 4, pale ilipokuwa ikionyesha 2 na kidogo.

Mzee hakuitazama ruta. "Na simu italia?" aliniuliza. "Wananipigia kutoka nyumbani usiku, wakati mwingine ni habari ya msiba." Nilimweleza kwamba kile kichujio kidogo kilichochomekwa baina ya simu na ukuta kina kapasita yake, kwa hiyo kengele haihitaji tena waya wa tatu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Piga nisikie." Nilitoa simu yangu ya mkononi, nikaipiga nambari ya nyumba, na sote wawili tukasimama ukumbini kusubiri, mpaka ile ya chumba cha nyuma ilipolia.