Sinema za Starehe Katika Darasa la Dawa

Katika filamu ya Pulp Fiction, iliyotolewa na Quentin Tarantino mwaka 1994, kuna tukio ambalo waalimu wa famakolojia hawachoki kulichambua. Mwanamke amevuta heroini akidhani ni kokeini. Anaanguka, damu na matapishi vinamtoka, pumzi inakata. Jamaa aliyetoka naye usiku huo anamkimbiza nyumbani kwa muuza unga. Wanabishana, wanamchora alama kifuani kwa kalamu nyekundu, kisha bomba kubwa la sindano ya adrenalini linadidimizwa moyoni. Mwanamke anakurupuka. Sindano yenyewe haikuingia popote: John Travolta, anayemwigiza jamaa huyo, aliianzisha ikiwa kifuani, akaivuta juu, halafu mkanda ukachezwa kinyumenyume.

Darasani picha husimamishwa hapo. Nini kimemkatisha pumzi huyu? Heroini ni ya ukoo wa afyuni. Hukamata vipokezi vya ubongo na kuzima msukumo wa kuvuta hewa. Adrenalini itauchapua moyo, lakini heroini itabaki pale pale ilipokaa. Dawa ya kuing'oa ni naloksoni, nayo haihitaji kutoboa moyo: hudungwa kwenye mshipa au msuli, au hupuliziwa puani. Mwanafunzi akishajibu hilo huulizwa la pili, ambalo ndilo gumu zaidi. Mgonjwa ameamka na anataka kwenda zake. Aruhusiwe? Naloksoni inaweza kuisha mwilini kabla ya heroini, na mtu aliyeamka akicheka akazama tena njiani. Kwa daktari mtarajiwa wa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, ambako Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu mwaka 2011, hayo si mambo ya Los Angeles.

Mwalimu anayefundisha hivi anafanya kazi iliyo jirani na ya Lufufu wa Dar es Salaam, DJ Afro wa Nairobi au VJ Jingo wa Kampala: anaingilia picha ya watu wengine na kuitilia maneno yake. Ila yeye anaingilia ili kubishana nayo. Kwa maoni yangu siri ya mbinu hii iko hapo. Filamu ya starehe hufundisha dawa vizuri zaidi pale inapokosea, au inapokatisha habari kabla haijaisha.

Waganga na kamera walijuana mapema sana. Mwaka 1898 Gheorghe Marinescu, bingwa wa magonjwa ya neva wa Bucharest, alianza kuwapiga picha za sinema wagonjwa wake wakitembea, ili achunguze mwendo wao kwa utulivu. Mwaka huo huo daktari mpasuaji wa Paris, Eugène-Louis Doyen, aliwaonyesha wenzake mjini Edinburgh filamu za operesheni zake. Kwa miaka mingi baadaye, filamu katika shule ya udaktari ilikuwa ya namna hiyo, ya mtaalamu akionyesha ufundi. Hata huku kwetu, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment uliokuwa Vugiri, milima ya Usambara, kati ya 1935 na 1937, ulitengeneza filamu za kuwafunza wanavijiji kilimo, akiba na afya, safura ikiwemo. Filamu za aina hiyo huwa na jibu tayari kabla taa hazijazimwa. Mtazamaji kazi yake ni kuitikia.

Hollywood iliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1940 kampuni ya Warner Bros. ilitoa Dr. Ehrlich's Magic Bullet, Edward G. Robinson akiigiza kama Paul Ehrlich, Mjerumani aliyetafuta kemikali ya kumpiga kijidudu bila kumuumiza mgonjwa. Mchanganyiko namba 606, uliojulikana sokoni kama Salvarsan kuanzia 1910, ukawa dawa ya kwanza ya maana ya kaswende. Wakati huo kulitaja gonjwa la zinaa kwenye sinema ya Marekani kulikuwa mwiko, na watengenezaji walilazimika kuomba ruhusa. Filamu inamwonyesha Ehrlich akienda Misri kutibu kifua chake. Haifiki visiwa vya Sese, ndani ya Ziwa Victoria, ambako habari yenyewe ina mzizi mmoja mkubwa.

Huko Sese, mwaka 1906 na 1907, Robert Koch aliwatibu wagonjwa wa malale kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Vijidudu vilipungua katika damu, lakini kipimo kilipopandishwa baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Atoksili hiyo ndiyo ambayo Ehrlich na wenzake walikuwa wakiichambua na kuibadilisha umbo mara mamia mpaka wakafika kwenye 606. Wazo ambalo kila mwanafunzi wa dawa hulikariri leo, la kupima umbali uliopo kati ya kiasi kinachoponya na kiasi kinachodhuru, lilikomaa katika kazi hiyo. Mwalimu wa Entebbe au Mwanza akiionyesha filamu hii, ana haki ya kuisimamisha Koch anapotokea na kuuliza habari za macho ya watu wa Sese.

Kwa muda mrefu kusimamisha picha halikuwa jambo rahisi. Filamu ilikuwa gurudumu la mkanda, projekta na fundi wake. Kanda za video zilipoenea kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, mwalimu akapata kitufe cha kusimamisha na cha kurudisha nyuma, na hapo ndipo vipande vya dakika tano vilipoanza kuingia darasani kwa urahisi. Mwaka 1994 waalimu wa Marekani waliokuwa wakiwafunza madaktari wa familia waliipa mbinu hiyo jina lake la kitaalamu. Katika famakolojia waliosikika mapema ni wa Barcelona: Magí Farré, Josep-Eladi Baños na wenzao walichapa mwaka 2004 maelezo ya jinsi filamu maarufu zinavyoweza kuiweka famakolojia ya kitabibu katika maisha ya watu. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Salamanca kikaanzisha jarida zima la tiba na sinema. Mwaka 2009 likaja andiko la Chuo Kikuu cha Monash, Australia, kuhusu kutumia vipande vya filamu ndani ya mihadhara ya famakolojia.

Kama ningelazimika kuchagua filamu moja tu ya kazi hii, ningeshika Awakenings ya 1990. Inatokana na kitabu cha Oliver Sacks, daktari aliyewakuta katika hospitali ya Beth Abraham, Bronx, wagonjwa waliogandishwa kwa miongo na ugonjwa wa ubongo uliozuka duniani miaka ya Vita ya Kwanza. Mwaka 1969 alianza kuwapa levodopa. Robin Williams anaigiza daktari, Robert De Niro mgonjwa anayeamka, anayetaka kutembea peke yake na kupenda, kisha anaanza kutetemeka na kukunjamana kwa dawa ile ile iliyomwamsha.

Nyuma ya dakika hizo kuna miaka kumi na zaidi ya maabara. Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura reserpini mwishoni mwa miaka ya 1950, wakalegea. Akawapa levodopa, wakasimama masikio juu. Alituzwa Nobel mwaka 2000. Mjini Vienna, Oleh Hornykiewicz aligundua kwamba ubongo wa waliokufa na ugonjwa wa Parkinson umepungukiwa dopamini, na mwaka 1961 levodopa ikadungwa kwa wagonjwa. Mwaka 1967 George Cotzias akaonyesha Marekani kwamba inafaa kwa kumeza, mradi kiasi kipandishwe polepole. Filamu haina nafasi ya hayo, na haielezi kwa nini mgonjwa hapewi dopamini yenyewe: haivuki ukuta unaochuja kinachoingia ubongoni kutoka kwenye damu. Levodopa huvuka, kisha hugeuzwa huko ndani. Nyingi lakini hugeuzwa kabla ya kufika, ndiyo maana siku hizi huandamana na kabidopa, inayozuia kazi hiyo nje ya ubongo. Mwalimu akitaka kuwachokoza zaidi aulize kuhusu mlo. Mzee akimeza kidonge chake juu ya sahani ya nyama na maharage, protini hushindania njia ile ile na dawa, na mchana mzima anaweza kubaki mzito. Nimeona watu wakilia kwa ajili ya De Niro. Darasani nadhani kilio kisubiri mpaka mtu aeleze ile mitetemo imetoka wapi.

Lorenzo's Oil ya 1992 inatugusa kwa karibu zaidi. Inaanzia visiwa vya Komoro, ambako familia ya Odone iliishi baba akiwa mfanyakazi wa Benki ya Dunia. Mwana wao Lorenzo aligundulika mwaka 1984 kuwa na ugonjwa wa kurithi unaolimbikiza mafuta ya minyororo mirefu na kuharibu ubongo, na katika filamu rafiki yake wa Komoro, Omouri, anaitwa Marekani aje kukaa naye. George Miller, aliyeiongoza, alisomea udaktari kabla ya sinema. Labda ndiyo sababu alithubutu kuweka tukio la baba maktabani akiunganisha vibanio vya karatasi mpaka anaelewa kwamba kimeng'enya kimoja hutengeneza minyororo ya aina mbili, hivyo ukikishughulisha na moja utakipunguzia nyingine. Sijui mhadhara wa ushindani wa vimeng'enya unaoukaribia.

Ila filamu inaishia kwenye matumaini makubwa kuliko uwezo wa mafuta ya tiba yaliyotokana na wazo hilo. Utafiti wa Hugo Moser uliochapishwa 2005 ulionyesha manufaa kwa wavulana ambao dalili zilikuwa bado hazijaanza, tena bila kundi la kulinganisha. Waliokwisha kuugua hawakurudishiwa walichopoteza. Lorenzo alifariki mwaka 2008, siku moja baada ya kutimiza miaka 30. Dallas Buyers Club ya 2013 hukosea kwa upande wa pili: AZT, dawa ya UKIMWI, karibu muda wote inaonekana kama sumu tupu. Viwango vya mwanzo vilikuwa vikali kweli, lakini vilipunguzwa, na tangu 1994 dawa hiyo hiyo imejulikana kupunguza maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto.

Kisha kuna The Constant Gardener ya 2005, iliyopigwa Kibera na Loiyangalani, kuhusu kampuni inayojaribia Wakenya dawa ya kifua kikuu na kuficha vifo. Dawa na kampuni hizo ni za kubuni. Wengi huihusisha hadithi hiyo na Kano, Nigeria, ambako mwaka 1996, katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, Pfizer ilijaribu trovafloksasini kwa watoto wapatao 200, nusu wakipewa dawa nyingine ya kulinganisha. Watoto 11 walifariki. Kampuni ilikana kwamba dawa yake ndiyo iliyowaua, na mwaka 2009 ikafikia suluhu ya dola milioni 75 na jimbo la Kano. Trovafloksasini ilikuwa imekwisha kuondolewa Ulaya mwaka 1999 kwa kuharibu ini.

Hapo mwalimu huzima filamu na kuchukua chaki. Dhara linalompata mtu 1 kati ya 10,000 lisingetarajiwa kuonekana katika majaribio ya watu 3,000. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kuliona hata mara moja unahitaji watu wapatao 30,000. Hao hupatikana dawa ikiwa tayari dukani. Ndiyo maana Kenya ina fomu ya njano ya kuripoti madhara, na ya waridi ya kuripoti dawa yenye ubora wa mashaka.

Kwa fomu ya waridi filamu ni ya zamani, The Third Man ya 1949, iliyoandikwa na Graham Greene. Vienna imebomolewa na vita, na Harry Lime anauza penisilini iliyoibwa hospitali za jeshi na kuzimuliwa. Alexander Fleming alikuwa ameonya mwaka 1945, akipokea Nobel, kwamba kipimo hafifu huwafundisha bakteria kuhimili dawa. Kamera inaingia wodini kwa watoto waliodungwa dawa hiyo, lakini hatuonyeshwi mtoto hata mmoja. Wanafunzi hubaki na kazi ya kuijaza fomu wenyewe: dawa gani, ilitoka wapi, nani aliinunua, watoto walipewa kiasi gani kwa siku ngapi, na ni nani pale hospitalini alikuwa wa kwanza kuona kwamba homa haishuki.