Usiulize Chapati Ni Tamu Kiasi Gani, Uliza Inaliwa Lini

Nyumbani kwetu Voi, chapati ilikuwa na tarehe yake: 25 Desemba. Siku zingine ni ugali na sukuma, na Jumapili ikibarikiwa, wali. Mathe akianza kukanda ngano, hata watoto wa ploti jirani walijua Krismasi imeingia. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa karibu na sufuria na kuhesabu, zisipotee kabla wageni hawajafika. Ukikua hivyo unaamini chapati ni chakula cha sherehe dunia nzima.

Kumbe wapi. Kaskazini mwa India, kule Punjab, Haryana na Uttar Pradesh, chapati ndiyo ugali wao. Wanaiita pia roti. Inaliwa mchana na usiku, siku ya kazi na siku ya msiba, na hakuna mtu anaipiga picha. Yao ni nyembamba, ya unga wa ngano usiokobolewa, maji na moto, mara nyingi bila tone la mafuta kwenye chuma. Hii yetu ya matabaka, inayong'aa mafuta, iko karibu zaidi na ile wanayoita paratha.

Hapo ndipo nilishika wazo ambalo leo nataka kulitetea. Ukitaka historia ya chakula, usianze kuuliza kina viungo gani. Uliza kinaliwa lini. Sisi tukitaja chakula cha Kihindi tunaorodhesha tu: biriani, samosa, bajia, kama menyu ya hoteli, kila kitu kinapatikana saa yoyote bora uko na pesa. Lakini vyakula hivi vilikuwa na saa zao. Na saa hizo ziliwekwa na mvua, mavuno, dini, na wakati mwingine king'ora cha kiwanda.

Tuanze na mvua. Bajia, ambayo kaskazini wanaiita pakora, ni kitunguu, kiazi au mboga iliyochovywa kwenye unga wa dengu na kukaangwa. Unaweza kuila wakati wowote, lakini muulize Mhindi yeyote inakolea lini, atakuambia mvua ikinyesha, na chai pembeni. Mvua kubwa ya India hufika Kerala karibu na tarehe 1 Juni, halafu inapanda kaskazini hadi Julai inafunika karibu nchi nzima. Kabla yake kuna miezi ya joto la kuchoma. Kwa hiyo siku ile inafika, watu wanakaa kibarazani na sahani ya moto wanashukuru. Na upepo unaoibeba mvua hiyo si mgeni kwetu. Ni ule ule wa kusi unaopita pwani yetu, ambao mababu wa Lamu na Mombasa waliupandishia matanga kwenda huko.

Sasa shika hii. Kwenye sahani hiyo "ya asili", chai ni mgeni. Waingereza walianzisha mashamba ya chai Assam miaka ya 1830, na kwa muda mrefu majani yalikuwa ya kuuzwa nje. Mhindi wa kawaida alikuja kuinywa kwa wingi karne ya 20, baada ya wafanyabiashara wa chai kuipigia debe mpaka vijijini. Kiazi pia ni mgeni. Pilipili kali pia. Zote mbili zilitoka bara la Amerika, na waliozileta India ni Wareno. Kabla ya hapo ukali wa chakula chao ulitoka kwa pilipili manga na tangawizi.

Na Wareno walifikaje India? Kupitia kwetu. Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi, sultani wa pale akampa rubani anayeijua bahari, na mwezi uliofuata akafika Calicut. Kila nikiona nguzo ile ya Malindi nafikiria pilipili. Mtu alielekezwa njia na watu wa hapa, na miaka mingi baadaye jikoni za India hazikuwa zile tena.

Samosa nayo ilianza juu ikashuka. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyelala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331, miaka michache baadaye alikuwa Delhi, kwenye jumba la Sultani Muhammad bin Tughluq. Aliandika kuhusu sambusa alizokula huko: nyama ya kusaga, lozi, pistachio, vitunguu na viungo, ndani ya unga mwembamba uliokaangwa kwa samli. Hicho kilikuwa chakula cha ikulu. Leo samosa ya viazi inauzwa kando ya stesheni za India saa kumi jioni, saa ya chai, kwa yeyote aliyechoka na kazi. Kiazi ndicho kiliishusha bei, na bei iliposhuka, saa yake ikabadilika.

Halafu kuna mavuno. Katikati ya Januari, Tamil Nadu wanasherehekea Pongal. Mchele mpya wa msimu unachemshwa na maziwa na sukari guru, na wanaacha kwa makusudi chungu kifurike. Kikifurika wanapaza sauti, "Pongalo Pongal!" Jina lenyewe linatokana na kule kuchemka mpaka kumwagika. Kwetu mtu akiacha maziwa yafurike anapigwa kofi. Kwao siku hiyo ni dua: mwaka ujae hivi. Siku hizo hizo, Uttar Pradesh na Bihar wanakula khichdi, mchele na dengu zilizopikwa pamoja. Wengi wanaiita sikukuu yenyewe Khichdi. Na cha ajabu, hiyo khichdi ndiyo anayopikiwa mgonjwa aliyeshindwa kula kitu kingine. Chakula kimoja, saa mbili: siku ya shukrani na siku ya homa.

Dini nayo ina saa yake. Hyderabad, mwezi wa Ramadhani, jioni ni ya haleem: ngano, nyama na dengu, vimepikwa polepole saa nyingi huku vikipondwa hadi vinakuwa kitu kimoja. Aliyefunga kutwa anahitaji kitu kizito ambacho hakimchoshi kutafuna. Mtu wa pwani akisoma hapo ameshatabasamu, kwa sababu anajua bokoboko. Hawa ni ndugu. Wote wawili asili yao ni harisa ya Waarabu, mmoja akaenda Hyderabad, mwingine akashukia huku.

Mwisho king'ora. Mumbai ilikuwa mji wa viwanda vya pamba, na mfanyakazi alihitaji kitu cha bei ndogo anachoweza kula akitembea kati ya treni na zamu. Ndiyo vada pav: kiazi kilichopondwa, kikavikwa unga wa dengu na kukaangwa, kikawekwa ndani ya mkate. Anayetajwa sana kuianza ni Ashok Vaidya, nje ya stesheni ya Dadar, mwaka 1966. Hata huo mkate, pav, jina lake ni la Kireno. Ukiwahi kula viazi karai vya Mombasa, tayari unajua nusu ya hadithi.

Sasa rudi kwa chapati yangu ya Krismasi, maana hapo ndipo kuna kitu kinaniuma.

Chapati ilikuja kwetu na vibarua na wafanyabiashara wa Kihindi. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta zaidi ya watu 30,000 kutoka India kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu, wengi wao Wapunjabi, watu wa ngano. Karibu 2,500 walikufa kazini. Hiyo reli imepita Voi, karibu na nilipozaliwa. Kwa hawa watu roti haikuwa anasa. Ilikuwa ya kushika tumbo ili kesho uinue chuma tena.

Chakula cha kibarua kikageuka vipi kuwa cha Krismasi? Ni pesa tu, hakuna uchawi. Ngano ilikuwa ghali kuliko mahindi, mafuta yalikuwa ghali, na kusukuma chapati za watu kumi kunakula siku nzima ya mama. Kwa hiyo tukaiweka pale kwenye kalenda tulipoweza kuimudu, mara moja kwa mwaka. Hatukubadilisha ladha sana. Tulibadilisha saa. Na ile saa inaeleza umaskini wetu vizuri kuliko ripoti yoyote.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo iliisha, na sitaki mtu anionee huruma. Nilitoka Nairobi na begi moja, dereva wa lori akanipa lifti, na njiani akasimama Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga. Limekuwepo tangu 1926, lilijengwa na Masingasinga waliofanya kazi kwenye reli. Tulivua viatu, tukafunika kichwa, tukaingia. Tulipewa chapati, dengu, wali na chai. Hakuna aliyeniuliza dini yangu, kabila langu, wala nimetoka chuo gani. Kitu pekee wanachotaka ni usibakishe chakula.

Hiyo desturi inaitwa langar. Ni ya tangu Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, aliyefariki 1539: watu wote wakae chini pamoja, wale kitu kimoja, bila kulipa. Pale Amritsar, kwenye Hekalu la Dhahabu, jiko halilali, na maelfu kwa maelfu wanalishwa kila siku.

Haikuwa Desemba. Ilikuwa siku ya kawaida, pengine mbaya kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na nilikuwa nakula chapati. Niliwaza vile mathe alivyokuwa akizificha ndani ya ndoo na kitambaa juu, nikajua nikifika nitamwambia ukweli kuhusu chuo usiku huo huo. Nilimwambia.

Kwa hiyo ukiniuliza chakula cha Kihindi kinafaa kuliwa lini, jibu langu liko hivi. Bajia ingoje mvua. Pongal ingoje mchele mpya. Haleem ingoje adhana ya magharibi. Lakini chapati na dengu, saa yake ni pale njaa inapokukuta. Watu walioileta waliijua hivyo.

Kwenu je, chapati ilikuwa na tarehe gani?