Kipimo cha Sifa

Ndugu zangu, nanyi wanafunzi mnaokalia madawati tuliyoyaacha,

Utumishi wa Serikali umenifundisha kwamba kila kipimo huwekwa na watu. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba alama za kidato cha sita pekee hazitoshi kumfikisha kijana Chuo Kikuu kwa gharama ya Taifa. Sharti afanye kazi kwanza, kisha asifiwe na mwajiri na tawi la Chama. Punde idadi ya wasichana ikashuka, nao wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja.

Sheria Na. 9 ya 2004 iliunda Bodi ya Mikopo, na kipimo kikuu kikawa uhitaji. Mwaka 2022 ukaja ufadhili wa Samia kwa waliofaulu sana masomo ya sayansi.

Naupongeza. Lakini bingwa wa Historia au Kiswahili hana mlango hapo, hata akiongoza nchi nzima. Kama kipimo cha Musoma kilirekebishwa kwa ajili ya dada zetu, hiki nacho chaweza kupanuliwa. Ninyi mlio madarasani, someni kwa bidii. Sisi tulio maofisini tuliseme jambo hili bila kuchoka.