Ardhi Isiyo na Mwenyewe: Amri ya Mwaka 1895 na Urithi Wake kwa Kanisa

Utangulizi

Nilipokuwa nikihudumu katika usharika mmoja wa mlimani, baraza la wazee liliamua kupima upya kiwanja cha kanisa ili kipatiwe hati mpya. Baada ya ibada ya Jumapili mzee mmoja alinijia. Hakupinga upimaji. Aliuliza swali moja tu: “Baba Mchungaji, hiyo hati ya zamani inasema ni nani aliyelipa kanisa ardhi hii?” Nilikwenda nikaifungua. Ilisema kwamba ardhi imetoka kwa Serikali. Jina la ukoo wa yule mzee halikuwamo, ijapokuwa kando ya kiwanja hicho yapo makaburi ya babu zake, na yeye mwenyewe huyafyekea kila mwaka.

Sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Makala hii ni jaribio la kumjibu, na pia kuwasaidia wachungaji wenzangu na wanafunzi wa theolojia wanaojiandaa kwenda sharikani, ambako maswali ya namna hii hayakwepeki. Nitaonyesha kwamba chanzo cha jambo hili ni neno moja lililoingizwa katika sheria ya nchi yetu mwaka 1895, na kwamba Kanisa halikuwa mtazamaji tu katika habari hii.

Ardhi kabla ya amri

Yatupasa kwanza kuondoa dhana kwamba kabla ya kuja kwa wageni ardhi ilikuwa ya kila mtu na kwa hiyo si ya mtu yeyote. Katika Kilimanjaro kila kihamba kilikuwa na wenyewe. Baba alikirithisha kwa wanawe kwa utaratibu uliojulikana, wafu walizikwa humo, na mipaka ilionyeshwa kwa mimea ya masale. Sale hilohilo ndilo lililotumika katika kuombana msamaha, na aliyeletewa hakupaswa kulikataa. Chini ya mlima kulikuwa na mashamba ya nafaka, na kulikuwa na malisho ambayo watu waliyatumia kwa pamoja.

Mmisionari Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyefika nchini mwaka 1902, alichapisha mwaka 1926 kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachaga. Kitabu hicho ni ushahidi wa mgeni kwamba watu hawa walikuwa na sheria kamili za urithi, mipaka na matumizi ya mali. Lakini kilitoka wakati amri tutakayoizungumzia ilikuwa imetimiza miaka thelathini na moja.

Kampuni na karatasi zake

Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya mikataba na wakuu wa huko. Mikataba hiyo iliandikwa kwa lugha wasiyoijua. Tarehe 27 Februari 1885 Kaizari wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo, na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ikaanza kutenda kama mtawala.

Mwaka 1888 Kampuni ilipata kwa Sultani wa Zanzibar mamlaka ya kuendesha utawala wa pwani. Miongoni mwa hatua zake za kwanza ilikuwa kuwataka watu waandikishe mashamba na majumba yao na kuthibitisha kwamba ni yao, na mali isiyothibitishwa ingekuwa ya Kampuni. Vita vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim pale Pangani na Bwana Heri kule Saadani vilikuwa na sababu nyingi, lakini hofu ya kunyang’anywa mali ilikuwa mojawapo. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Kampuni ilishindwa kutawala, na tangu Januari 1891 Dola ya Kijerumani yenyewe ikachukua utawala.

Amri ya tarehe 26 Novemba 1895

Miaka minne baadaye Kaizari alitoa amri iliyoitangaza ardhi yote ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani kuwa haina mwenyewe, na kwa sababu hiyo kuwa Ardhi ya Taji, yaani mali ya Dola. Walioepushwa ni wale tu wenye madai ya umiliki au haki nyingine, wakiwa ni watu binafsi, vyombo vinavyotambuliwa na sheria, machifu au jumuiya za wenyeji.

Kwa nje amri hii yaonekana kuwa ya haki, maana haki za wenyeji zimetajwa. Lakini tuangalie mpangilio wake. Inaanza kwa kudhani kwamba ardhi haina mwenyewe, kisha inampa mwenyeji kazi ya kuthibitisha kwamba sivyo. Mzungu aliyenunua shamba alikuwa na hati. Baadhi ya watu wa pwani walikuwa na maandishi ya Kiarabu. Mkulima wa bara hakuwa na karatasi yoyote. Ushahidi wake ulikuwa migomba yake, masale yake, makaburi ya wazee wake na maneno ya majirani. Mtu aliyelala usiku akiwa mwenye ardhi aliamka asubuhi akiwa mdai.

Siku iliyofuata, tarehe 27 Novemba, Chansela alitoa maelekezo ya utekelezaji. Tume za ardhi zilitakiwa kuwaachia wenyeji eneo lenye ukubwa mara nne ya lile walilokuwa wakililima wakati huo. Ziada ingeweza kugawiwa walowezi.

Kipimo hiki kilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, kilihesabu jembe peke yake. Ardhi iliyopumzishwa, malisho, msitu wa kuni na dawa, na njia ya ng’ombe kwenda majini havikuonekana kuwa matumizi. Kwa mfugaji kipimo hiki hakikuwa na maana hata kidogo, kwa sababu mara nne ya sifuri ni sifuri. Pili, hesabu ilifanywa katika miaka mibaya. Sotoka ilikuwa imewaua ng’ombe wengi mno mwanzoni mwa miaka ya 1890, kisha wakaja nzige, ndui na njaa. Mahali pengi watu walikuwa wamepungua au wamehama kutafuta chakula. Afisa aliyefika akaona nyika tupu aliandika kwamba nyika ni tupu, wala hakuuliza ni nani aliyekuwako kabla ya msiba.

Hadi mwisho wa utawala wa Kijerumani, ekari zipatazo milioni 1.3 zilikuwa zimeingia mikononi mwa walowezi na makampuni. Nyingi zilikuwa katika nchi nzuri za kaskazini, yaani Usambara, Kilimanjaro na Meru.

Kanisa ndani ya historia hii

Hapa yatubidi tuseme kweli juu yetu wenyewe. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock wa Misheni ya Leipzig waliuawa huko Meru, walipokwenda kuanzisha kituo. Twawaheshimu kama mashahidi wa imani, na ni haki. Lakini tusiache kufundisha yaliyofuata. Jeshi la Kijerumani lilikuja kulipiza kisasi, watu wakauawa na mifugo ikatekwa. Misheni iliporudi na kuanza kazi Nkoaranga mwaka 1902, iliwakuta watu waliovunjwa nguvu. Katika miaka iliyofuata mashamba ya walowezi yaliuzunguka mlima, hata Wameru wakatengwa na nchi ya chini walikolisha mifugo yao.

Misheni nazo zilipata ardhi. Mara nyingine chifu alionyesha mahali kwa hiari. Mara nyingine misheni ilinunua. Lakini hati iliyokamilisha jambo iliandikishwa chini ya sheria ileile, na mtoaji akawa Dola. Chifu aliyeonyesha mahali, na ukoo uliohama kupisha, hawakuandikwa. Nasema haya bila kuwahukumu watu ambao baadhi yao waliwatetea wenyeji kwa bidii. Nasema tu kwamba hati zetu nyingi za kale zilisimama juu ya neno lile la 1895.

Vita vya Kwanza vya Dunia havikubadili hali hiyo. Mali za Wajerumani zilitaifishwa na kuuzwa, lakini kifungu cha 438 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliagiza kwamba mali za misheni ziwekwe chini ya wadhamini wa imani ileile. Mlowezi alipoteza shamba lake; misheni ilibaki na kiwanja chake. Ni neema ambayo hatukuifikiria sana.

Kutoka Taji hadi umma

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa, walifungwa na masharti ya udhamini yaliyowataka kuheshimu mila na haki za wenyeji katika kutunga sheria za ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyotungwa enzi za Gavana Horace Byatt kwa kufuata mfano wa Nigeria ya Kaskazini, ilitangaza kuwa ardhi yote, inayokaliwa na isiyokaliwa, ni ardhi ya umma. Ingekuwa chini ya Gavana kwa matumizi na faida ya wenyeji. Hati za umiliki kamili zilizotolewa na Wajerumani ziliachwa kama zilivyo. Mwaka 1928 sheria ilirekebishwa ili haki ya mwenyeji anayetumia ardhi kwa mila ihesabiwe nayo kuwa haki ya kutumia ardhi.

Neno “umma” ni zuri kuliko neno “Taji”. Lakini mwenye kuamua faida ya umma alibaki kuwa mmoja, yaani Gavana. Uzito wake ulionekana mwanzoni mwa miaka ya 1950, Mtoro bin Mwamba alipoomba mahakamani aandikishwe kuwa mwenye shamba lake karibu na Dar es Salaam. Alikataliwa. Mahakama iliona kwamba kwa mila yake alikuwa na haki ya kuitumia ardhi, si kuimiliki.

Wakati huohuo Meru ilikuwa ikiwaka. Kwa kufuata mapendekezo ya tume ya Jaji Mark Wilson, iliyotaka mashamba ya Wazungu yawe eneo moja lisilokatika, serikali iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki mwezi Novemba na Desemba 1951. Nyumba zilichomwa na mifugo ikaswagwa. Watu walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, alikwenda kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa. Azimio la kuwarudishia Wameru ardhi yao halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu. Hata hivyo Tanganyika nzima ilikuwa imesikia.

Baada ya uhuru, umiliki kamili wa enzi ya Wajerumani ulifutwa mwaka 1963 na kugeuzwa kuwa ukodishaji wa miaka 99, na hati za makanisa zikahusika. Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji kuanzia mwaka 1991 ilisikiliza malalamiko ya wananchi nchi nzima. Sheria mbili za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, ziliipa haki ya kimila hadhi sawa na haki ya hati. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini sheria ya kwanza kati ya hizo, inapoeleza maana ya ardhi ya jumla, huingiza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Anayejua habari za mwaka 1895 hawezi kuyasoma maneno hayo bila kuuliza: ni nani atakayesema kwamba ardhi hii haitumiki, na atakuwa amekuja mwaka gani?

Neno la Mungu na wajibu wetu

Habari za Naboti katika 1 Wafalme 21 tumezoea kuzihubiri juu ya tamaa ya Ahabu. Tuzisome tena tukiangalia utaratibu. Barua ziliandikwa kwa jina la mfalme na kutiwa muhuri wake. Baraza liliitishwa, mashahidi wawili wakaletwa. Taratibu zote za sheria zilifuatwa, na mwisho wake mtu aliuawa na shamba la urithi likachukuliwa. Nabii hakuzuiwa na muhuri ule kuuliza swali la Mungu.

Nayo Walawi 25:23 hufundisha kwamba ardhi ni ya Bwana, na watu ni wageni na wapitaji kwake. Fundisho hili halimpi mtawala ruhusa ya kuchukua kwa kisingizio kwamba hakuna mwenyewe. Maana yake ni kinyume: hakuna kipande cha nchi kisicho na mwenyewe, na kila mwenye mamlaka juu yake, awe Kaizari, Gavana, Serikali au Dayosisi, ni mdhamini atakayetoa hesabu.

Kwa hiyo nashauri mambo mawili. Kila usharika uandike historia ya kiwanja chake wakati wazee wangali hai, na ukoo uliotoa au kupisha utajwe kwa jina. Tena mchungaji anayealikwa kwenye mkutano wa kijiji unaogawa ardhi aulize habari za wasiokuwapo: mfugaji aliyehama kwa msimu, mjane, na kijana aliye mjini.

Ama yule mzee wangu, hati haikubadilika. Lakini baraza la wazee liliandika katika kitabu cha usharika jina la ukoo wake, na kwamba makaburi yale yatatunzwa, na njia ya kuyafikia haitazibwa. Yaliposomwa mbele ya washarika, mzee alisimama, akasema amesikia, akaketi. Mwezi uliofuata alileta masale, tukayapanda pamoja mpakani.